Umeme Niliokwenda Kumtafutia Sesilia Temeke

Wengi hapa Tabora mmeniuliza nilikwenda Dar es Salaam kufanya nini, na kila aliyeuliza nimempa jibu lake. Mmoja nilimwambia nimekwenda kuangalia vifaa vya kazi, mwingine nikamwambia nimekwenda kumsalimu rafiki. Sasa nasema kweli, tena kwa maandishi, ili nisije nikairudia kila siku sokoni. Nilikwenda kumtafutia mwanangu Sesilia umeme wa kutibu kifafa.

Mnanijua. Mimi ni fundi wa nyaya za simu. Nikiambiwa waya umekatika porini upande wa Nzega, natoka na baiskeli yangu na vyuma vya kupandia nguzo, nami sirudi mpaka kengele ilie kule mwisho. Sijapata kuogopa umeme hata siku moja. Mke wangu husema kiburi changu kinaanzia kwenye koleo na kuishia kwenye kofia, na simbishii, maana fundi asiye na kiburi kidogo hapandi juu.

Sesilia ana miaka kumi na minne. Yuko shule ya bweni ya misheni, na kwa hesabu hakuna anayemsogelea. Muhula uliopita alianguka bwenini. Wenzake wakakimbia hadi uwanjani, wakakataa kunywa maji ya mtungi mmoja naye, na Sista mkuu akamrudisha nyumbani na barua. Ilisema asirudi mpaka daktari aandike kwamba anaweza kukaa na wenzake. Mtoto aliyapandisha madaftari yake juu ya kabati, akasema hataki kuyaona tena.

Kwetu mtu akianguka kifafa hashikwi. Povu lile linasemwa linaambukiza, na hata akiangukia moto watu husubiri kwanza atulie. Sesilia ana kovu la moto mkono wa kulia. Siku alipoungua nilikuwapo, hatua sita kutoka jikoni. Naliandika hili kwa kuwa nimeahidi kusema kweli.

Basi padre mmoja alinisomea gazeti lake la Ulaya. Huko ng'ambo wako madaktari wanaofungua fuvu la mgonjwa wa kifafa na kuugusa ubongo kwa ncha ya waya wenye umeme mdogo. Padre aliisoma kama habari ya maajabu, lakini mimi nilisikia habari ya kazi yangu. Nikasema, kumbe kifafa ni hitilafu ya nyaya! Na kama mashine hiyo iko ng'ambo, basi Dar es Salaam haikosi, maana kila kitu cha Serikali huteremkia bandarini kwanza. Nikaomba likizo siku ileile.

"Na usipoikuta?" mke wangu aliuliza.

"Nitaikuta," nikamjibu.

Jumatatu, stesheni ya Tabora. Tulipanda daraja la tatu tukiwa na debe dogo la asali, kikapu cha michembe ya viazi vikavu, na mfuko wangu wa turubai. Ndani ya mfuko ule nilikuwa nimeficha kitu ambacho hata mke wangu hakukijua: kile kimashine cha ndani ya simu kinachozungushwa kwa mkono ili kutoa umeme wa kupigia kengele. Kilitoka katika simu mbovu iliyokwisha kutupwa. Nilijiambia, huenda ya daktari ikawa imeharibika, nami nitakuwa nimefika na yangu.

Sesilia alikaa dirishani. Kikapu cha michembe nilikiweka katikati yetu, nikajidanganya kwamba ni kwa ajili ya nafasi.

Kati ya Manyoni na Dodoma aliniuliza, "Baba, kutoka nguzo moja ya simu hadi nyingine ni hatua ngapi?" Nikamtajia. Midomo ikamchezacheza, akiangalia nje na kuangalia saa yangu. Kisha akaniambia gari letu linakwenda mwendo gani kwa saa. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu alimwuliza karani wa gari alipopita, naye akasema mtoto hakukosea. Nilifura kwa furaha. Papo hapo nikakumbuka yale madaftari juu ya kabati, furaha ikanitoka.

Kilosa, Morogoro, Ruvu. Hakuanguka njia nzima, nami njia nzima sikulala.

Jumanne alasiri, Dar es Salaam. Joto la huko linakupokea kabla ya mwenyeji. Mwenyeji wetu alikuwa Saidi, Mzaramo niliyepanda naye nguzo miaka minne kabla hajahamishiwa pwani. Alitungoja stesheni na mwavuli mkononi, tukapanda basi la Temeke. Mji uliisha upesi kuliko nilivyodhani. Zikafuata nyumba za udongo na makuti, mikorosho, mashamba ya mihogo, na njia za mchanga laini ambazo kiatu cha fundi kinazama mpaka kwenye kamba. Ninyi mnaoidhani Temeke ni ghorofa tupu, nawapa pole.

Mke wa Saidi anaitwa Bi Tatu. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Mnajua Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe. Sikuwa nimevuka hata kizingiti.

"Makubwa! Mnyamwezi bila mzigo kichwani! Umeutupa wapi, mtani? Usije ukawa umemtwisha mtoto."

"Nimeupunguza njiani, shemeji. Nilijua kwa Wazaramo hakuna pa kuweka kitu, nyumba nzima imejaa ngoma."

"Ngoma tunazo, na leo utazicheza uone."

Sesilia akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe usinijali. Wewe mgeni, mtani ni huyu babako."

Nilimvuta Saidi pembeni nikamweleza ugonjwa wa mtoto, nikaomba apewe kikombe chake na sahani yake peke yake. Bi Tatu alikuwa karibu, akasikia. Alinitazama kutoka kwenye kofia mpaka kwenye viatu, akasema, "Haya, umesema," akaingia jikoni. Chakula kikaja, na Sesilia akala peke yake ukumbini kama alivyozoea nyumbani.

Jumatano asubuhi, hospitali. Tulifika mapema, na bado foleni ilikuwa imefika kwenye geti. Daktari aliyetuona alikuwa kijana Mwafrika, mtu wa Bukoba kwa asili, mwenye sauti ya chini. Nilimweleza habari ya gazeti moja kwa moja, fundi kwa fundi, nikamwuliza mashine hiyo iko chumba gani.

"Hatuna," alisema. "Hapa hakuna, wala jirani zetu hawana, kwa nijuavyo."

Ndipo nikafungua mfuko wangu nikaweka kile kimashine mezani kwake.

Alikitazama. Akakizungusha kidogo, akagusa nyaya kwa kidole, akaruka na kiti chake. Dresa wa kufunga vidonda aliyekuwa mlangoni aliuficha uso kwa daftari. Daktari alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu kicheko kikakatika ghafla, akanikazia macho.

"Bwana Leonardi, umepata kumwekea mtoto kitu hiki kichwani?"

"La, daktari."

"Usithubutu. Umeme wa kupiga kengele si wa kichwa cha mtu. Utamwua." Akakisukuma kwangu, akasubiri mpaka nilipofunga mfuko. "Sasa nisikilize. Hao wa ng'ambo wanaugusa ubongo kwa umeme mdogo sana, na mgonjwa yuko macho, kwa sababu ubongo wenyewe hauna maumivu. Wakigusa hapa, kidole kinacheza. Wakigusa pale, mgonjwa anasema nasikia mlio. Wakifika mahali kifafa kinapoanzia, anasema: inakuja. Basi wamepajua. Umeme unawaonyesha mahali, kinachotibu ni kisu kinachofuata."

"Kama kupima waya ili kujua umekatikia wapi," nikasema.

"Hasa. Nawe unajua kazi hiyo. Niambie basi: kifafa cha mwanao huanzia wapi?"

"Kichwani, daktari."

"Mwilini kinaonekana kikianza upande gani? Mkono? Mguu? Uso unapindia wapi?"

Sikujua. Akamwuliza Sesilia, naye akatazama chini, akasema hajui, huwa anaamka tu akakuta watu wamesimama mbali.

"Umemwona akianguka mara ngapi?" daktari akanirudia.

"Nyingi."

"Ukiwa umbali gani?"

Nikakumbuka zile hatua sita. Miaka yote ya kazi sijapata kuulizwa hitilafu iko wapi nikakosa jibu. Daktari hakunisukuma. Alimchukua Sesilia damu ya kupima, akampapasa kichwa, akauliza kama aliwahi kuugua degedege utotoni. Nikasema ndiyo, mara moja, akalala siku mbili bila kujitambua. Akaandika. Kisha akasema turudi baada ya wiki, na kama atakuwa ameanguka, nimletee habari za kifafa hicho kutoka karibu: kimeanza wapi, kimekwenda wapi, kimechukua dakika ngapi.

Nilitoka nimekasirika. Nilimwambia Saidi nimesafirishwa nchi nzima kuja kuulizwa maswali.

Ijumaa jioni, Temeke. Saidi aliponiona nimenuna siku mbili akaniambia, "Mie nakujua, wewe huondoki hapa bila umeme. Basi upo umeme wa Mungu. Ng'ambo ya Kigamboni kuna mama ana samaki anatia ganzi. Watu wanaoumwa kichwa wanakwenda kwake tangu zama za bibi yake. Wenye vitabu vya Kiarabu wanasema hata kifafa kilitibiwaga hivyo zamani."

"Uongo," nikasema. Lakini asubuhi nilikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Jumamosi, Kigamboni. Tulivuka Magogoni jua likiwa chini bado, tukafuata pwani kwa mguu zaidi ya saa moja, Sesilia akiwa mbele na viatu mkononi. Mama huyo anaitwa Bi Hadija. Tulimkuta amejifunga kanga mbili, anasafisha kidimbwi alichokizungushia mawe, ambacho maji ya bahari hukijaza na kukiacha. Ndani yake alikuwamo samaki jamii ya taa, wa mviringo, amelala mchangani kama chapati iliyoungua.

Nilitazama kazi yake kwa jicho la fundi. Alimwinua kwa makuti makavu aliyoyakunja mara tatu, hakumgusa hata kwa ukucha. Akanionyesha mchanga wenye majimaji ambapo mgonjwa husimama, ili umeme upate pa kushukia. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha hivyo.

"Samaki mwenyewe," alijibu. "Ukimshika kwa mkono, utajua kesho umshike kwa kitu gani."

Nilisema nianze mimi, ili mtoto asiogope. Akaniwekea kwenye paji la uso. Ndugu zangu, kengele zote za Tabora zililia kwa pamoja. Nilijikuta nimekaa chini mchangani, kofia iko majini, Saidi anacheka amejishika mbavu. Bi Hadija aliniuliza kwa upole, "Kichwa kilikuwa kinakuuma?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo."

Alipoambiwa mgonjwa ni Sesilia, na ugonjwa ni kifafa, alimrudisha samaki majini. "Kifafa mie simo," alisema. "Kichwa, sawa. Goti, sawa. Kifafa alijaribu mama yangu. Mgonjwa alitulia siku tatu, tukapika, tukafurahi, siku ya nne akaanguka palepale. Sichukui kitu cha mtu kwa uongo."

Nilimheshimu pale pale, na moyo ukaniuma pale pale. Nilikuwa nimefika mwisho wa waya.

Tulipokuwa tunajikung'uta mchanga, Sesilia aliomba amguse samaki, kidole kimoja tu. Bi Hadija akamruhusu. Akachutama, akanyoosha kidole, akaruka nyuma na kupiga kelele, akacheka. Halafu akaacha kucheka akautazama mkono wake.

"Baba, ndivyo kinavyokuwaga."

"Nini?"

"Kidole changu, kabla sijaanguka. Kinacheza chenyewe hivihivi. Sikujua niseme kinafanana na nini." Akainua gumba la mkono wa kushoto. "Hiki. Lakini chenyewe hakiumi."

Miaka mitano, tangu kifafa kimwanze, mtoto amekaa na habari hiyo, na hakuna aliyemkaribia vya kutosha kuisikia. Nilitoa daftari langu la kazi nikaandika: gumba, kushoto. 

Jumapili, saa nne, uani kwa Saidi. Bi Tatu na Sesilia walikuwa wanakuna nazi, majirani wawili wamekaa kwenye mkeka wanachambua mchele, mimi nikiwa mlangoni. Sesilia akasema, "Mama, gumba langu." Hakumaliza. Alianguka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia.

Nilirudi nyuma. Miguu yangu ilirudi yenyewe, kama ilivyofunzwa tangu utoto, na mgongo wangu ukagota ukutani.

Bi Tatu hakurudi popote. Alisukuma mbuzi na vifuu vyake pembeni kwa teke, akapiga magoti akamgeuza mtoto kwa ubavu. "Saidi! Lete koti la mtani!" Koti langu jema, lenye vifungo vya Serikali, lilikuwa kwenye kamba. Akalikunja akamwekea kichwani, na povu lilipotoka akalifuta kwa mkono wa koti lile, tena polepole, kama anayepangusa sahani ya harusi.

"Haya, bwana wa nyaya, sogea uone!" alinipigia kelele huku mikono yake ikifanya kazi. "Au Mwingereza hajakupa ruhusa? Nyaya za watu unazishika, damu yako huishiki! Wanyamwezi mlibeba pembe za tembo mpaka pwani, kichwa cha mtoto kimewashinda?"

Majirani walicheka. Katika utani mtu hakasiriki, akikasirika ameshindwa. Basi nami nikacheka. Niliona haya. Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuniambia maneno yale nikayapokea: si mke wangu, si padre, si daktari. Yalipita njia ya utani, na njia hiyo haina mlango wa kufunga.

Nilisogea hatua mbili. Ndivyo nilivyoweza siku ile. Nikatoa saa nikatazama kutoka pale: mkono wa kushoto ndio uliotangulia, ukafuata uso upande uleule, kisha mwili wote. Dakika mbili na nusu, kikaisha.

Sesilia alipolala, nilimwomba Bi Tatu koti langu nikalifue.

"Koti gani? La kwangu hilo, nimeliteka. Ukitaka kulikomboa, mchana huu utakula sinia moja na mwanao, na mie nimekaa hapa nakutazama. Ukitema tonge, na suruali naichukua."

Ulikuwa ubwabwa wa nazi na samaki wa kukaanga. Sesilia alinawa, akakaa, akaangalia sinia kama mtu anayeogopa kukanyaga shamba la mwenzake. Nilimmegea samaki nikamwekea upande wake. Akala. Kisha mkono wake ukavuka ukachota wali upande wangu, nami nikachota palepale alipochota. Bi Tatu alinirudishia koti kabla hatujamaliza, akaenda kukaa jikoni, na Saidi aliniambia baadaye kwamba alikuwa analia.

Jumatano ya pili, hospitali. Nilimsomea daktari daftari langu: gumba la kushoto, mkono, uso, mwili, dakika mbili na nusu. Aliniomba nirudie pale pa gumba, na Sesilia akamweleza mwenyewe habari ya samaki, hatua kwa hatua, bila kutazama chini.

"Basi samaki wenu amefanya kazi ya wale mabwana wa ng'ambo," daktari alisema. "Ameonyesha mahali. Kifafa hiki kinaanzia upande wa kulia wa ubongo."

"Gumba la kushoto, ubongo wa kulia?"

"Nyaya zinapishana shingoni, fundi."

Nilifurahi mno kujua hilo, sina haja ya kuficha. Daktari alisema huenda ni kovu la ile homa ya utotoni. Aliyaandika yote katika kadi, ili siku njia ya kupasuliwa au hata ya umeme utakaotibu wenyewe itakapofika huku, wajue pa kuanzia. Aliamini itafika, nami naamini kuliko yeye. Simu nayo ilianza kwa kuulizwa kama ni uchawi.

"Lakini mtoto hawezi kusubiri hiyo," akaendelea. Akanipa vidonge vidogo vyeupe. Kila jioni, bila kuruka hata siku moja, na visikatishwe ghafla hata akipona, maana kifafa hurudi kwa hasira. Vingine nitapata Tabora kwa karatasi aliyoniandikia. Akianguka: ageuzwe ubavu, kichwa kiwekewe kitu laini, asitiwe kitu mdomoni, asizuiwe kwa nguvu, atazamwe saa. "Na povu ni mate tu," alisema. "Halijapata kumwambukiza mtu." Barua ya Sista aliiandika mbele yangu.

Alhamisi na Ijumaa, njia ya kurudi. Bi Tatu alitusindikiza mpaka kwenye basi na kapu la nazi, akitangaza kwa abiria wote kwamba amewapagaza Wanyamwezi kama zamani. Nilimwambia akifa kabla yangu nitakuja kucheza ngoma kaburini. Akasema nisichelewe.

Baada ya Dodoma, Sesilia aliinua gumba akanionyesha. Daktari alikuwa ameniambia vidonge vinahitaji majuma kukaa vizuri mwilini, kwa hiyo sikushangaa, ila niliogopa. Abiria waliruka juu ya mizigo. Mama mmoja alimvuta mwanawe, mwingine akapiga kelele, "Mwacheni! Msimguse!"

Nilimshika. Nilimlaza ubavu kwenye benchi, kichwa chake mapajani mwangu, na povu nikalifuta kwa kiganja kwa sababu leso sikuiona. Lilikuwa la uvuguvugu. Nilitazama saa. Nikawaambia wale watu kwa sauti, "Ni mwanangu. Itaisha sasa hivi." Na ikaisha.

Alipofumbua macho alinitazama muda mrefu, akijaribu kujua ni mapaja ya nani.

"Baba," alisema, "mkono wako unatetemeka."

"Ndiyo," nikamwambia. "Utaacha."

Jumatatu iliyofuata, shuleni. Sista mkuu aliisoma barua mara mbili. Alisema daktari ameruhusu, naye hana neno, ila wasichana ndio shida: wataendelea kukimbia, na barua haiwezi kuwashika miguu. Nikamwomba anikusanyie bweni lote darasani.

Walikaa, wasichana ishirini na kitu, wakimkwepa Sesilia kwa macho. Nilikuwa nimejiandaa kuhutubia, nikaona maneno hayatafika. Basi nilivua kofia, nikalala chini sakafuni na koti langu la Serikali, mtu mzima, fundi mnayemjua, nikasema, "Mimi nimeanguka kifafa. Sesilia, waonyeshe."

Walicheka sana. Sista alijifanya anatafuta kitu kabatini. Nilimsikia Sesilia akija, akapiga magoti. Sauti yake ilianza chini, ikapanda ikawa ile sauti anayosemea hesabu. "Mgeuzeni hivi. Hapa wekeni kanga. Msimtie kijiko. Mmoja ahesabu kwa saa. Haya, njooni mjaribu. Nani wa kwanza?"

Nikasikia miguu mitupu sakafuni. Mkono mdogo wenye jasho ukaniingia chini ya kichwa, ukanyanyua kwa woga, ukaona kichwa ni kichwa tu, ukatulia. Ukaja mwingine. Sikufumbua macho. Sesilia alikuwa anawasahihisha mmoja mmoja, na mmoja wao aliposema, "Sesilia, hivi?" nikajua mtoto amerudi shule.

Nilikwenda mbali kutafuta umeme, na siku utakapofika nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini nilichojifunza nilikipata pale sakafuni, nikiwa nimelala na kufumba macho katikati ya wasichana wale: sikuwa najua, mpaka umri huu, jinsi kichwa kinavyokuwa chepesi mtu mwingine anapokishika.